Nani atajwe kwenye tangazo la toleo? Njia sita, na ile itakayokufaa

Mstari wenyewe ulikuwa mfupi: "Rekebisha umbizo la saa", ukafuatiwa na jina la akaunti ya mwanafunzi mmoja na namba 41. Ulikuwa kwenye tangazo la toleo jipya la programu yetu. GitHub, tovuti tunakoweka msimbo wake, ndiyo iliyoutunga, sisi tukabonyeza kitufe cha kuchapisha. Ilikuwa baada ya isha, tumekaa barazani Langoni, watu watatu na simu moja yenye bando. Asubuhi yake nilimkuta nahodha gatini, nikamwonyesha tangazo. Alilisoma mpaka chini, akalipandisha akalisoma tena, kisha akanirudishia simu.

"Vyema. Na huyu kijana, alikuwa chomboni nami?"

Programu yetu ni ndogo na ni huria, yeyote anaweza kuuchukua msimbo wake na kuubadilisha. Inaonyesha nyakati za maji kujaa na kupwa hapa Lamu, pamoja na siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, na za maji mafu, yanapobadilika kidogo, hata pasipo mtandao. Kasoro tuliyokuwa tumeirekebisha ilikuwa hivi. Programu ilihesabu kwa saa za kizungu, kisha tafsiri ya Kiswahili ikabandika neno "saa" mbele ya namba ile ile. Maji yakijaa saa kumi na moja alfajiri, skrini iliandika "Maji kujaa: saa 5". Nahodha alikuwa na abiria wa kupitisha mlangobahari wa Mkanda kwenda Faza. Akasoma kama asomavyo mtu yeyote wa hapa: saa tano asubuhi. Alipofika, tena siku ya bamvua, mashua ilikuwa imelala ubavu matopeni. Saa za kizungu na zetu zinapishana kwa saa sita, na kutoka maji kujaa mpaka maji kupwa ni saa sita na dakika kidogo. Yaani hatukukosea kwa nusu saa. Tuligeuza kujaa kuwa kupwa.

Waliolitatua jambo hilo ni wanne. Nahodha aligundua, akatueleza kinagaubaga, na hakutukana, ingawa alikuwa na haki. Mwalimu mmoja wa kike alikaa nasi jioni mbili kupanga saa ngapi iitwe alfajiri, ipi asubuhi, ipi alasiri, maana namba peke yake haitoshi. Mwanafunzi akaandika msimbo. Mimi nikajaribu kwenye simu tatu kuukuu, kisha nikaupokea. Tangazo lilimtaja mmoja tu, na wa kwanza kuona haya alikuwa ni yeye mwenyewe. "Ami, mbona nimetajwa peke yangu? Mimi nilijumlisha sita tu."

Tangu hapo nimekuwa nikiangalia jinsi miradi mingine inavyowataja watu wake. Ninachoandika hapa ni kwa mtu mwenye mradi mdogo au wa wastani ambaye toleo lake linakaribia, naye hajui atumie mtindo gani. Swali langu kwa kila mtindo ni moja: kazi ya nani ndiyo inayodondoka?

Kitufe cha GitHub na kalamu ya mkono

Hizi mbili ndizo ninazotaka kuziweka ubavu kwa ubavu kwa kirefu, kwa sababu ndiko wengi wetu tunakochagua bila kujua kwamba tumechagua.

Tangu Oktoba 2021, GitHub ina kitufe kinachotunga maelezo ya toleo. Hukusanya kila ombi la kuunganisha (pendekezo la badiliko kwenye msimbo) lililopokelewa tangu toleo lililopita, kikaandika kichwa chake, aliyelifungua na namba yake. Chini hufuata sehemu ya wachangiaji wapya. Kwa faili la `.github/release.yml` unaweza kupanga mistari kwa makundi kulingana na lebo, na kuwaacha nje baadhi ya waandishi, hasa maboti. (Boti ninalosema hapa ni lile la kompyuta, linalosasisha maktaba za msimbo watu wakiwa wamelala, si lile la kuvuka kwenda Manda.) Usipoliondoa, litajaza nusu ya tangazo lako kila toleo, na mtu wa kweli atazama katikati yake.

Kitufe hiki kina sifa ambayo binadamu hana: hakina ugomvi na mtu. Kama mwezi uliopita ulikwaruzana na mchangiaji, mkono wako unaweza kumruka bila wewe mwenyewe kutambua. Kitufe hakitamruka. Na ile sehemu ya wachangiaji wapya si pambo. Kijana wa hapa anayetafuta kazi Mombasa au Nairobi hana kampuni ya kompyuta mtaani kwake ya kumwandikia barua. Kiungo cha toleo chenye jina lake, kinachofunguka mbele ya mwajiri, kinamfaa kuliko vyeti viwili vya semina.

Taabu ni kwamba kinachungulia kupitia mlango mmoja. Anayetajwa ni aliyefungua ombi, basi. Nahodha hana akaunti, wala hahitaji kuwa nayo. Mwalimu anayo, lakini kazi yake ilifanyika kwa karatasi na kahawa. Hata kwenye msimbo mtu huweza kupotea. Rafiki akikutumia kiraka, yaani kipande cha msimbo wa kurekebisha, kwa WhatsApp nawe ukakibandika na kukipeleka kwa jina lako, historia itasema ni kazi yako, na itasema hivyo milele. Git yenyewe, programu inayotunza historia ya msimbo, tangu Linus Torvalds alipoianzisha mwaka 2005, hutenganisha mwandishi wa badiliko na aliyeliingiza. Nafasi ya kumtaja mwenzako imo: `git commit --author="Jina <barua pepe>"`. Mnaofanya kazi wawili, au watatu, kuna mstari wa `Co-authored-by:` unaowekwa mwisho kabisa wa ujumbe wa komiti (badiliko moja lililohifadhiwa kwenye historia), baada ya mstari mtupu, jina na barua pepe vikifuata. GitHub inautambua tangu mwaka 2018 na kumwonyesha mwenzako pembeni yako. Lakini usitegemee kitufe kikachukue jina hilo na kulipeleka kwenye tangazo. Hilo utalifanya wewe.

Sasa ile ya mkono, ambayo mimi huiita jina kando ya kazi. PostgreSQL, mradi wa hifadhidata, huifanya hivi: kila badiliko kwenye maelezo ya toleo limefuatiwa na majina ya walioliandaa. Maelezo ya matoleo ya Python, lugha ya kuandikia programu, nayo, kwenye vipengele vingi, hutaja aliyechangia papo hapo. Kwa mtindo huo, mstari wetu ungekuwa hivi, majina nikiyaficha:

> Saa sasa zinaonyeshwa kwa Kiswahili: "saa 11 alfajiri", si "saa 5". Kasoro iligunduliwa na Nahodha Fulani. Mgawanyo wa nyakati za siku umepangwa na Mwalimu Fulani. Msimbo ni wa Fulani, umejaribiwa na Fulani.

Na ule wa kitufe, kwa mara nyingine:

> Rekebisha umbizo la saa, @fulani, #41

Soma yote miwili kana kwamba wewe ni mvuvi wa Matondoni uliyepakua programu jana. Wa pili haukuambii kitu. "Umbizo" ni nini? Wa kwanza unakuambia kilichobadilika na kwa nini uamini. Hili sikulitarajia nilipoanza: nilipojilazimisha kutaja kila mtu na alichofanya, nililazimika pia kueleza badiliko lenyewe kwa lugha ya watu. Huwezi kuandika "iligunduliwa na nahodha" bila kusema aligundua nini.

Gharama ya mkono ni muda. Toleo lililofuata lilinichukua jioni nzima, na nilimpigia simu mtu mmoja mara tatu kuuliza kama kweli ni yeye aliyejaribu kwenye simu ya zamani au ni nduguye. Na kuna kazi zinazodondoka hapa pia. Badiliko kubwa hupata mstari, na mstari hupata jina. Aliyesahihisha tahajia kwenye maelezo, aliyejibu maswali ya watumiaji wapya wiki nzima, aliyefuta faili zisizotumika, hawa hawana mstari wa kuandikwa kando yake. PostgreSQL walilitambua hilo, ndiyo maana mwisho wa maelezo yao huweka orodha ya pili, kwa alfabeti, ya watu wote waliochangia toleo kama waandishi wa viraka, waingizaji, wakaguzi, wajaribu au watoa ripoti za kasoro. Tabaka mbili: majina kando ya kazi juu, na chini watu wote bila ngazi.

Orodha ndefu ya majina

Orodha hiyo ya chini miradi mingine huitumia peke yake. NumPy, maktaba ya hesabu ya Python, kwenye maelezo ya toleo husema ni watu wangapi walichangia, kisha huwaorodhesha, na waliochangia kwa mara ya kwanza huwekewa alama ya kujumlisha kando ya jina. Ni alama moja tu, lakini mgeni anajua ameonekana. WordPress, programu ya kutengenezea tovuti, nao hutaja mamia ya watu kwenye tangazo la toleo kubwa, na ndani ya programu yenyewe kuna ukurasa wa shukrani ambao mwenye tovuti yeyote anaweza kuufungua.

Mtu akiona orodha ya WordPress hudhani kuna mtu aliyekesha akiikusanya. Siri yake iko mbali na siku ya tangazo. Kwa desturi yao, anayeingiza komiti huandika kwenye ujumbe wake neno `Props` na majina ya wote waliosaidia badiliko hilo, akiwemo aliyeripoti na aliyejaribu. Jina linaingia siku kazi inapofanyika. Siku ya toleo ni kuvuna tu. Kiini cha Linux, mfumo endeshi wa kompyuta, nacho kina mistari yake: `Reported-by:` kwa aliyeripoti kasoro, `Tested-by:` kwa aliyejaribu, `Reviewed-by:` kwa aliyekagua, `Suggested-by:` kwa mwenye wazo. Kwa hesabu hiyo, nahodha angekuwa na mstari wake rasmi kwenye historia, bila akaunti ya kitu chochote. Mwongozo wao unaongeza adabu moja: ripoti ikikufikia faragha, omba ruhusa kabla ya kuandika jina la mtu.

Sisi tuliiga kwa njia ya kizembe zaidi. Tuna faili liitwalo `SHUKRANI.md`, na anayepokea badiliko huongeza mstari mmoja pale pale: tarehe, mtu, alichofanya. Mtu akileta neno, kasoro au hata picha ya skrini kwenye kikundi cha WhatsApp, huandikwa siku hiyo hiyo. Kabla ya hapo nilikuwa nikitegemea kumbukumbu yangu, na kumbukumbu yangu, nimekuja kugundua, hukumbuka zaidi watu niliokunywa nao kahawa.

Kuhusu mpangilio wa alfabeti, wenzetu wengi hupanga kwa jina la mwisho. Faili la shukrani la Python, `Misc/ACKS`, ni hivyo, kwa jina la ukoo. Kwetu jina la mwisho aghalabu ni la babu, na watu watatu wa nyumba moja wanaweza kuishia herufi tatu tofauti. Panga kwa jina ambalo mtu huitwa. Ndiyo, juu watajazana akina Abdalla, Abubakar, Ahmed na Ali, na akina Zuhura watakaa chini daima. Kama linakukera, geuza orodha toleo hadi toleo. Sijaona mtu akilalamika, lakini kina Zuhura wa kwetu ni wapole.

Orodha ndefu ina dosari yake: haisemi nani alifanya nini. Kwenye mradi wa watu mia nne haidhuru, kwa sababu hakuna atakayesoma maelezo ya watu mia nne. Kwenye mradi wa watu tisa, orodha tupu inakuwa kama orodha ya mahudhurio.

Usipange watu kwa hesabu

Kuna mtindo wa kutangaza wachangiaji kwa idadi ya komiti, mwenye nyingi juu. Amri ni nyepesi: `git shortlog -sn v1.3..v1.4`, na majina yanamiminika na namba zao. Nakusihi usiyaweke hivyo kwenye tangazo.

Toleo lile la saa, mimi nilikuwa na komiti nyingi kuliko wote. Nikizifungua naona "jaribu tena", "jaribu tena 2", "samahani, sasa". Aliyetafsiri kurasa zote za msaada alikuwa na komiti moja. Mwalimu na nahodha hawakuwa na hata moja. Hesabu hiyo ilikuwa sahihi kabisa, na ilinipa ubingwa ambao hata mama yangu asingeuamini. Namba pia hufundisha watu tabia. Oktoba 2020, kwenye Hacktoberfest, shindano la kuchangia programu huria, ambapo fulana ilitolewa kwa aliyefungua maombi ya kutosha, miradi mingi ilifurikiwa na maombi yasiyo na maana, mengine yakiongeza neno moja tu kwenye maelezo, hata waandaaji wakabadilisha kanuni mwezi huo huo ili miradi ishiriki kwa hiari yake. Ukipima watu kwa komiti, utaletewa komiti.

Lakini amri yenyewe usiitupe. Itumie kama daftari la kuhakikisha hujasahau mtu. Kuanzia Git 2.29, unaweza kuiambia ihesabu pia wale wa `Co-authored-by`: `git shortlog -sn --group=author --group=trailer:co-authored-by`. Na ukiona mtu mmoja ametokea mara mbili, kwa jina la kompyuta na jina la simu, faili la `.mailmap` huunganisha majina hayo mawili bila kugusa historia. Ni faili hilo hilo litakalokusaidia mtu akibadilisha jina lake na hataki la zamani lionekane kwenye orodha.

Beji, na shukrani za jumla

Hizi mbili nazipitia haraka.

Mfumo wa All Contributors huweka jedwali la picha kwenye ukurasa wa mbele wa mradi, na chini ya kila uso alama ndogo za emoji: kitabu kwa maelezo, dunia kwa tafsiri, mdudu kwa ripoti ya kasoro, na kadhalika. Kwa kutambua kazi zisizo za msimbo, hakuna mtindo ulioziwaza mapema kwa utaratibu zaidi. Ila jedwali hilo ni la mradi mzima. Halisemi toleo hili limeletwa na nani, na aliyefanya jambo dogo miaka minne iliyopita anakaa sawa na aliyekesha jana. Uwe nalo, lakini tangazo linahitaji lake.

Shukrani za jumla ni ile sentensi ya "tunawashukuru wote waliofanikisha toleo hili". Matangazo ya Rust, lugha nyingine ya kuandikia programu, humalizia kwa sentensi ya namna hiyo, lakini neno la shukrani lina kiungo kinachokupeleka kwenye ukurasa wenye majina ya kila mtu wa toleo hilo. Hapo ni sawa. OpenStreetMap, ramani huria ya dunia, nayo hudai itajwe kwa jina la pamoja, wachangiaji wa OpenStreetMap, kwa sababu huwezi kuandika maelfu ya watu kwenye kona ya ramani. Hata hivyo kila badiliko la ramani lina akaunti ya aliyelifanya, kwa anayetaka kuchimba. Sentensi ya jumla isiyo na orodha nyuma yake ni kama "asanteni nyote" ya bwana arusi, wapishi wakiwa bado nyuma ya nyumba na sufuria za pilau, hawakuisikia.

Watafsiri, kwa sababu wengi wetu ndio hao

Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili, na tangu hapo mchango mkubwa wa Waswahili kwenye programu huria umekuwa maneno. Hii ndiyo kazi inayopotea kwa urahisi kuliko zote, na sababu ni ya kiufundi.

Fungua faili lolote la tafsiri lenye mwisho wa `.po`. Juu kabisa kuna mstari wa `Last-Translator:`. Una nafasi ya mtu mmoja, naye ni wa mwisho. Ukitafsiri maneno elfu moja, kisha mtu akaja kurekebisha koma, mstari ule unaandika jina lake na lako linafutika. Baadhi ya programu za GNOME, mazingira ya skrini ya Linux, zina dawa: kuna sentensi ya kutafsiriwa iitwayo `translator-credits`, na mtafsiri haitafsiri, huandika hapo majina ya waliofanya kazi, yakatokea kwenye dirisha la maelezo ya programu. Ukikuta sentensi hiyo tupu, ijaze. Usione haya. Watunzi wetu wa tenzi walijitaja kwenye beti za mwisho na hakuna aliyewaona wana majivuno.

Upande wa majukwaa, angalia kazi inavyorudi kwenye ripo, yaani hifadhi ya msimbo. Jukwaa la Weblate huingiza komiti kwa jina la mtafsiri mwenyewe, na inaweza kukutolea orodha ya watafsiri wa kipindi fulani, tayari kwa tangazo. Mipangilio mingine huleta faili zima kwa komiti moja ya boti, na hapo kitufe cha GitHub kitalishukuru boti kwa Kiswahili chake safi. Kama mradi wako uko hivyo, toa orodha kwenye jukwaa la tafsiri kwa mkono kabla ya kila toleo.

Hata miradi mikubwa huhesabu kwa upande mmoja. LibreOffice, mradi wa programu za ofisi, kwenye matangazo kadhaa ya matoleo yake, imekuwa ikisema ni asilimia ngapi ya komiti za msimbo imetoka kwa walioajiriwa na makampuni na ngapi kwa wanaojitolea. Huo ni uwazi mzuri kuhusu fedha, na ningependa miradi mingi iuige. Lakini ni asilimia za msimbo. Anayeifungua programu hiyo kwa lugha yake hayumo kwenye hesabu ile, yuko kwenye shukrani za pembeni.

Basi uchague ipi?

Kama mko chini ya watu kumi na tano au hivi, andika jina kando ya kazi, kwa mkono, na uweke orodha fupi ya alfabeti chini kwa wale wasio na mstari. Kitufe cha GitHub kitumie kama rasimu: bonyeza, nakili, kisha kaa uandike upya. Kama hamna muda hata huo, angalau ondoa maboti na uongeze mstari mmoja wa walioripoti na waliojaribu.

Kuanzia hapo mpaka watu mia, weka majina kando ya mabadiliko makubwa tu, na orodha kamili chini, wageni wakiwekewa alama. Hapa bila desturi ya kuandika majina siku ya kazi hutaweza, hata uwe na kumbukumbu ya mtunza bao.

Zaidi ya mia, orodha kamili kwenye ukurasa wake na kiungo kilicho wazi ndani ya tangazo. Wala usiteue "wachangiaji bora watano". Nimeona mradi mmoja ukijaribu, na wa sita akaacha kuja.

Na uulize. Jina ni taarifa binafsi kwa mujibu wa Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019, lakini hata bila sheria ni adabu tu. Sisi tunauliza swali moja: "Tukuandike vipi?" Wako wanaotaka majina matatu, wako wanaotaka la mtaani. Dada mmoja hakutaka kutajwa kabisa, na mstari wake unasema "mchangiaji mmoja". Usimpigie debe mtu asiyetaka.

Ukikosea, rekebisha, na jua kipi kinarekebishika. Maandishi ya toleo kwenye GitHub unaweza kuyahariri wakati wowote. Faili la mabadiliko ndani ya ripo utalisahihisha kwa komiti mpya. Lakini ujumbe uliouandika ndani ya tagi ya Git (alama ya toleo kwenye historia) haubadiliki bila kuifuta tagi na kuiunda upya, jambo linalowavuruga walioichukua tayari, na barua pepe iliyokwisha kutumwa hairudi ikiitwa. Kwa hiyo majina yaweke kwenye faili na kwenye ukurasa wa toleo. Kwenye tagi andika namba ya toleo, inatosha.

Tangazo letu la saa tulilihariri siku tatu baadaye. Nilimfuata nahodha gatini nikamuuliza swali letu lile. Akafikiri, akasema yeye jina lake linajulikana, liandikwe la mashua, kwa sababu ndiyo iliyokaa matopeni. Tukaliandika. Liko kwenye orodha ya alfabeti, kati ya mwalimu na mwanafunzi. GitHub huchukua kila akaunti iliyotajwa kwa @ kwenye maelezo ya toleo na kupanga picha za nyuso zao chini yake. Ya mashua haipo.